Kocha Aliyetupima kwa Alhamdu

Kocha wetu hakuwa na mavazi ya michezo. Alikuja uwanjani Bofu amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na akifika kwenye mstari wa chokaa alivua makubadhi yake, akayapanga pembeni, akaingia peku. Filimbi ilikuwa shingoni lakini sikumbuki kuisikia mazoezini. Alitumia makofi, nasi tulijua lipi la kusimama na lipi la kukimbia. Timu za wageni zilidhani ni mwalimu wa madrasa aliyepotea njia, mpaka zilipomsikia akimfokea beki wa kushoto kwa kuacha mtu mgongoni mwake.

Namwita Kocha kwa sababu hatukumwita vinginevyo, hata dukani kwake alikouza bawaba, makufuli na misumari. Mteja aliyefika saa ya mazoezi alikuta mlango umefungwa nusu na mwenye duka amesimama nje na mpira kwapani. "Kesho, inshallah," humwambia, na mteja hurudi kesho bila manung'uniko.

Kwa muda mrefu nimetaka kumwandika nikaona haya. Haya zangu ni za namna nyingi na nitazieleza kadiri zinavyokuja. Isitoshe, kuandika kwenyewe ni kazi kwangu. Nikiikodolea macho karatasi kwa kitambo kichwa huanza kugonga, inabidi nifumbe macho, na nikifumbua nimesahau sentensi ilikuwa ikielekea wapi. Mke wangu ndiye anayenisomea pale nilipofika. Basi nikirudia jambo mnivumilie, hata yeye hunivumilia.

Miguu yetu Kocha aliijua kuliko tulivyoijua wenyewe. Ukija ukichechemea kidogo tu, alikuketisha, akabonyeza goti kwa kidole gumba, na wakati akibonyeza hakutazama goti, alikutazama usoni. Ukikunja uso umekwisha, wiki hiyo huchezi, hata kama mechi ni ya kufa na kupona. Aliteguka kifundo mshambuliaji wetu bora kabla ya fainali ya mtaa, akaapa kwamba amepona, na Kocha akamwambia arukeruke kwa mguu mmoja mbele ya timu nzima. Hakuweza. Fainali tukafungwa, na Kocha hakujuta hata kidogo. Maji ya chumvi ya kukanda vifundo vyetu aliyachemsha nyumbani kwake, na mkewe alilalamika kwamba sufuria zake za pilau zanuka miguu ya watu.

Mtu huyo huyo, aliyeogopa goti kama yai, kichwa hakukiogopa. "Kitwa kina mfupa wake," alisema. Ni wa ukoo wa zamani wa Mvita, na hakuwahi kusema kichwa wala macho. Kwake ni kitwa na mato, na aliyemcheka alikimbizwa raundi za uwanja.

Mchezaji akigongwa kichwa akaanguka, Kocha aliingia na birika. Birika la kweli, la bati, lenye mdomo mrefu. Alimmwagia maji utosini, akamketisha, akachuchumaa mbele yake na kanzu yake kwenye vumbi.

"Fungua mato. Nisomee Alhamdu."

Ukasoma sura hiyo ya kwanza ya Kurani. Uwanja ulinyamaza, wauza karanga wakaacha kuita, hata timu ya pili ikatulia. Kocha alifuata kila neno kwa midomo. Ukikosea aliita mtu wa akiba. Ukimaliza bila kosa, watu kando ya uwanja walisema "Amin" kwa pamoja, Kocha akakuinua kwa kwapa na kusema, "U mzima. Endelea." Ulirudi ndani ukipigiwa makofi kuliko mfungaji wa bao.

Sijui jambo lile alilitoa wapi. Nadhani alilibuni mwenyewe, na likatupendeza sote. Lilikuwa na heshima ndani yake. Nani angesimama mbele ya watu wa Likoni aseme kwamba Alhamdu haitoshi? Timu jirani zikaliiga, na sisi tukajivuna kwamba lilianzia kwetu.

Tulikuwa na beki mmoja wa bara, Mkristo, aliyepanga chumba Miritini na kuvuka feri kuja kucheza nasi. Siku aliyogongwa, Kocha alikwama. Hakutaka kumwonea wala kumpendelea, basi akamwambia asome Baba Yetu. Na kwa kuwa yeye Kocha haijui, alimwita mama muuza mihogo, ambaye ni mtu wa kanisa, aje asikize kama imesomwa sawasawa.

"Kocha," beki akamwambia akiwa chini, "kwani hii ni boli ama ni kanisa?"

"Ni adabu. Soma."

Akasoma. Mama muuza mihogo akatikisa kichwa kwamba ni sawa, na beki akarudi ndani. Kisa hicho tulikicheka miaka. Siku hizi siwezi kukicheka, lakini nakisimulia kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mtu aliyetaka haki itendeke hata katika kosa.

Sifa hakuzitoa. Neno lake kubwa lilikuwa "Si vibaya," na ukilipata ulilibeba mpaka nyumbani. Marehemu mamangu alinidhihaki kwa hilo. "Leo umepewa si vibaya yako?" aliniuliza nikiingia mlangoni, ingawa alikuwapo mwenyewe na amesikia. Hakukosa mechi, yule bibi. Alisimama upande wa wanawake na mwavuli mweusi, na nikitazama kule alinipungia kana kwamba nasafiri.

Alipofariki, Kocha alifunga duka siku zote za matanga. Makaburini alishika ncha ya shuka iliyotandwa juu ya kaburi wakati mama akiteremshwa. Bega lake lilikuwa bovu, mkono ukitetemeka juu, na vijana wakataka kumpokea. Aliwakatalia kwa macho mpaka kazi ikaisha. Nilimpenda siku ile kama nilivyompenda babangu, na nalisema hili ili ijulikane nilikuwa na nini cha kupoteza.

Sasa mechi yenyewe. Mimi siikumbuki. Nakumbuka nikifunga kamba za viatu asubuhi, na nakumbuka dari ya hospitali. Yaliyo katikati niliyapata kwa watu, na watu walinisimulia kwa furaha. Ilikuwa mechi ya kubaki kwenye ligi na sare ilitutosha. Niliruka na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana, nikaanguka. Birika likaja. Nikasoma Alhamdu mpaka mwisho, kwa sauti, tena kwa tajwidi, wakasema hawajawahi kuisikia ikisomwa vizuri vile uwanjani. Nikarudi. Kona ikapigwa, nikaiondoa kwa kichwa, na safari hii sikuinuka. Sare tukaipata.

Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo, na kwamba wengi hupona kwa majuma wakipumzika vizuri. Ubongo uliotikiswa, alieleza, ukitikiswa tena kabla haujatulia, hapo ndipo balaa. Wengi hupona. Mimi sikupona sawasawa.

Nilikuwa fundi wa stima. Nilipanda nguzo na paa za watu tangu ujana. Sasa nikisimama kwenye kiti dunia huzunguka. Mwanga wa mchana huniuma, kwa hiyo navaa miwani myeusi, na vijana wa boda huniita msanii. Mke wangu hunituma dukani mchele nikarudi na sabuni, na akinyamaza ndipo huona haya zaidi kuliko kama angenikaripia. Kwenye harusi ya mpwa wangu, vipaza sauti vilipokuwa vikinichoma kichwani, niliinuka katikati ya wageni nikang'oa waya. Waya hizo niliziunga mwenyewe zamani, kwenye ukumbi ule ule. Bibi harusi alilia. Nilikaa nje kwenye ngazi, hakuna aliyekuja kuniuliza kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua aulize nini. Mtu aliyevunjika mguu huonewa huruma. Mimi sina bandeji, na wapo waliosema nimezembea tu, nataka kulishwa na mwanamke.

Kocha hakuja kunitazama hospitali, wala nyumbani. Hilo liliniuma, nikalitafutia sababu. Nilijiambia ananionea haya kwa kuwa nimekuwa mtu wa kuongozwa. Nilipomwona sokoni nilijitia kuchagua nyanya. Naye akiniona alivuka upande wa pili wa barabara, mzee mzima, akikaribia kugongwa na tuktuk. Mke wangu alituona siku moja tukifanya hivyo wote wawili kwa wakati mmoja. "Nyinyi mwakimbiana nini?" akasema. "Mmeiba pamoja?"

Baada ya muda kulikuwa na semina ya makocha kule Bombolulu. Kocha alikwenda na yule beki wa Miritini, ambaye sasa ni msaidizi wake, na beki ndiye aliyenisimulia. Mwalimu wa semina, mwanamke kijana, aliuliza kila kocha humpimaje mchezaji aliyegongwa kichwa. Kocha alisimama, akarekebisha kanzu, akaeleza habari ya Alhamdu kwa fahari, neno kwa neno, pamoja na Amin ya watu. Ukumbi ulipenda. Mwalimu hakucheka.

"Wewe mwenyewe, mzee wangu," akamuuliza, "Alhamdu uliipata ukiwa na umri gani?"

"Sikumbuki. Kabla sijaanza shule."

"Basi ndiyo sababu haifai kwa kipimo. Iko ndani mno. Mtu aweza kuisoma yote na hajui yuko wapi. Muulize mambo ya leo. Muulize nani amefunga, ni kipindi gani, mwacheza na nani. Na hata akijibu yote, ukimshuku, mtoe, asirudi siku hiyo."

Beki aliniambia Kocha aliketi. Kwenye feri alisimama peke yake mbele kabisa, na walipofika Likoni alisema neno moja tu, "Haya," na beki hakujua ni haya ya kumwita waende au haya nyingine.

Tangu siku hiyo uwanja wa Bofu ulibadilika. Milingoti ya goli ilizungushiwa magodoro ya zamani yaliyofungwa kwa kamba. Watoto wadogo walikatazwa kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Aliyegongwa alitoka, hata angekuwa nani, na Kocha alimpeleka kwao kwa miguu yake na kuwaambia wazazi asilale peke yake, asiendeshe pikipiki, na akitapika au akiwa mgumu kuamka wakimbilie hospitali wasingoje asubuhi. Kurudi kulikuwa kwa ngazi. Kwanza kutembea, kisha kukimbia taratibu, kisha mpira bila kugusana, mechi mwisho kabisa, na kichwa kikiuma popote pale unarudi chini ngazi moja. Watu walimcheka. Mechi tulizopoteza kwa sababu hiyo wanazitaja mpaka leo. Wachezaji wengine waligoma, wakaanza kusoma Alhamdu wenyewe wakiwa chini, kwa sauti, ili watu waseme Amin na Kocha aone aibu kuwatoa. Aliwatoa. Kila mara, beki alisema, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi.

Mtaa ulinipa maelezo, nami niliyapokea. Kocha hakujua. Sisi sote hatukujua. Aliyekosea bila kujua halaumiwi, na tazama anavyojitahidi sasa. Nililala na maelezo hayo miaka, na yalinipa usingizi.

Mwaka huu jina lake lilitoka kwenda Hija. Kama ilivyo desturi kwetu, anayekwenda huzunguka kuomba radhi kwa kila aliyeishi naye, na desturi yenyewe imekuwa nyepesi. Mtu hubisha hodi, husema niwieni radhi, mwenye nyumba husema tumekuwia radhi duniani na akhera, kahawa hunywewa, basi. Kocha alizunguka Bofu yote. Alikwenda mpaka kwa wateja aliowafungia duka. Kwangu hakuja. Mke wangu akawa ananitazama kila mlango ukibishwa.

Alikuja alasiri moja zilipobaki siku chache tu. Amevaa kofia mpya iliyodariziwa viua na amekonda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mke wangu alileta kahawa akaketi kizingitini.

"Mwanangu," akasema, "naenda Hija. Nimekuja uniwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Kocha, duniani na akhera," nikasema upesi. Nilitaka yaishe. "Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Usiniambie hivyo upesi. Hujui wewe wasamehe nini."

Akaweka kikombe chini.

"Siku ile ulisoma bila kosa. Watu wakasema Amin. Nilipokuinua, ulinishika kanzu hapa, kifuani, ukaniuliza kwa sauti ndogo. Ukaniambia, Kocha, mamangu amekuja? Mbona simwoni pale?"

Mke wangu aliacha kujipepea.

"Mimi nilishika shuka juu ya kaburi lake," Kocha akasema. "Sikuhitaji semina. Hapo hapo nilijua kwamba hukuwa sawa kitwani. Nikatazama saa, ilibaki kidogo. Sina beki mwingine. Nikakwambia, yuaja, endelea. Ukafurahi, ukaenda. Watu wote wasema sikujua, nami nimewaacha waseme. Hata kule semina niliketi kama mtu asiyejua. Nilijua, mwanangu. Sasa nijibu upya."

Nilitafuta jibu nikakuta hasira tu. Nilimwona mama na mwavuli wake, na nikajiona mimi, mtu mzima, nikikimbilia kona kwa furaha kwa sababu nimeambiwa yuaja. Nilimwonea haya yule mtu aliyefurahi. Nikasimama na chumba kikazunguka.

"Toka," nikamwambia. "Toka nyumbani kwangu."

Mzee wa umri ule, aliyekuja kuomba radhi, mbele ya mke wangu. Hakuna aliyewahi kusema hivyo kwa mgeni katika nyumba yetu, tangu enzi za babu. Kocha alitikisa kichwa polepole. "Ni haki yako," akasema, akamshukuru mke wangu kwa kahawa, akavaa makubadhi yake na kutoka. Mke wangu alikiokota kikombe, kilikuwa bado kimejaa, akakishika tu.

Nikatoka mbio nyuma ya Kocha. Miwani niliisahau ndani, na jua la alasiri lilinipiga usoni kama mlango. Niliona kanzu nyeupe mbele, karibu na barabara kuu, na wanaume wa barazani wakigeuza shingo. Nilimwita. Nikainua mkono juu kukinga jua huku nikimwendea kwa haraka, nikiyumba.

Aligeuka, akaona ninavyokuja na mkono ulivyo juu. Hakurudi nyuma. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akafumba macho na kuniinamishia kichwa. Sikuwahi kukiona kichwa chake wazi. Kilikuwa na nywele chache, nyeupe, laini kama za mtoto mchanga, na mishipa ikionekana. Alikuwa amesimama hivyo mbele ya baraza nzima, akingoja nimpige.

Nilisimama na mkono wangu hewani, na haya za maisha yangu yote hazikufika haya ya wakati ule. Nikaushusha. Nikaichukua kofia kutoka mikononi mwake nikamvika taratibu, maana sikutaka kumwumiza.

"Na hili pia nimekuwia radhi," nikamwambia. "Uliyonieleza, kama ulivyonieleza. Nenda Hija yako, Kocha."

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu mechi ile, akaona machozi, na sijui kama alijua yapi ni ya jua na yapi si ya jua.

"Miwani yako iko wapi?"

"Ndani."

"Basi fumba mato," akasema. "Kitwa kisikuume."

Nikafumba. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanigeuza nyumbani, na njia nzima aliniambia palipo na jiwe, palipo na mfereji, na wakati wa kuinua mguu.